Picha ya Tingatinga nayo ina haki ya kukaa sebuleni kwetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumze na wasomaji wako juu ya kuta za nyumba zetu. Kurasa za makazi katika magazeti hutushauri kuhusu makochi, mapazia, vigae na rangi ya ukuta. Ukuta ukishapakwa rangi, ushauri unakatika. Kinachofuata tunakijua: kalenda ya benki au ya duka la jumla, picha ya harusi, maporomoko ya maji yaliyochapwa kiwandani ng'ambo, na siku hizi stika za plastiki zenye maneno ya Kiingereza. Sina ugomvi na picha ya harusi. Lakini Dar es Salaam ndiko ulikozaliwa uchoraji wa Tingatinga, na ukiuliza kwa nini sebule zetu hazina hata picha moja ya aina hiyo, jibu ni lilelile kila mara: hizo ni za watalii.

Jibu hilo halina mashiko. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alikuwa mtu wa vibarua. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam kutafuta riziki, na alipoanza kuchora mnamo 1968 hakuwa na vifaa vya chuo cha sanaa. Alichukua rangi ya mafuta, ile ya milango na baiskeli, akachukua ubao mwembamba wa dari, akachora ndege, chui na miti. Picha zikauzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 alikufa kwa risasi ya polisi, akiwa amechora kwa takriban miaka 4 tu. Vijana aliowafundisha wakaendelea, na mwaka 1990 wachoraji wakawa na chama chao cha ushirika. Kila kitu katika sanaa hii, kuanzia kopo la rangi hadi ubao, kilitoka katika duka la vifaa vya ujenzi. Hata mraba wa picha za mwanzo, wenye sentimita 60 hivi kila upande, unalingana vizuri na duka hilo: ubao wa futi 4 kwa 8 unatoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2 bila kubakisha kitu.

Basi sanaa iliyotoka kwa fundi wa kawaida, kwa rangi ya mlango, inashindwaje kurudi kwenye nyumba yenye mlango uliopakwa rangi ileile? Bei si sababu pekee. Wengi hawajui waitazameje, na wale wachache wanaoinunua huiharibu ndani ya miaka michache kwa kuikunja vibaya (siku hizi nyingi huchorwa juu ya kitambaa), kuitundika penye unyevu na kuisugua kwa sabuni. Hayo mawili, kuitazama na kuitunza, ndiyo ninayotaka kuyaeleza.

Picha ya Tingatinga haina kivuli wala umbali. Twiga aliye mbele na mlima ulio nyuma wana ukali uleule wa rangi, na mwili wa mnyama haujazwi kwa mwanga na giza, unajazwa kwa vitone, mistari na mabaka. Anayesubiri ifanane na fotografia ataona makosa matupu. Itazame kama unavyoitazama khanga dukani: kwanza simama mbali uone mpangilio mzima, jinsi umbo linavyojaza uwanja na jinsi kingo zinavyolishika, halafu ndipo usogee uangalie kazi ya mkono.

Ukiwa mbali, angalia nafasi zilizoachwa wazi. Mchoraji mzuri huchora pengo kati ya miguu ya swala kwa uangalifu uleule aliochorea miguu yenyewe; ukifumba jicho moja utaona mapengo hayo nayo yana umbo. Mchoraji mwenye haraka huogopa pengo. Kila palipobaki wazi anatupia ua, kipepeo au kichaka, na picha inakuwa na kelele. Huo ndio mtihani wangu wa kwanza, na mara nyingi unatosha.

Ukisogea, anza na mandhari ya nyuma, ile rangi inayotoka njano katikati ikaishia nyekundu au bluu ukingoni. Hupakwa rangi mbili au tatu zikiwa mbichi, kisha brashi pana inapitishwa kwa mwelekeo mmoja hadi mpaka kati ya rangi na rangi upotee. Kazi hii haina mapumziko. Mchoraji akipigiwa simu katikati, rangi inaanza kushika, na akirudi atabakiza mshono unaoonekana ukiielekeza picha kwenye mwanga. Mandhari yasiyo na mshono katika picha ya mita moja ni ushahidi wa mkono uliozoea.

Kisha vitone. Kitone kimoja ni mguso mmoja wa ncha ya brashi. Rangi ikizimuliwa kupita kiasi kwa tina, kitone kinalala na kuvuja kandokando. Ikiwa nzito mno, kinavuta mkia brashi inapoinuliwa. Rangi ikiwa sawasawa, kitone kinakaa mviringo na kuinuka kidogo, unaweza kukihisi kwa kidole. Angalia vilevile kama vinafuata mwili: kwenye ndege kanga au chui aliyechorwa vizuri, vitone vinapungua ukubwa vikielekea shingoni na miguuni, na mistari yake inapinda kufuata tumbo. Vilivyomwagwa ovyo kwa ukubwa mmoja humfanya mnyama aonekane kavishwa shuka. Mwisho angalia miguu ya ndege. Sijui kwa nini, lakini mwenye haraka hukimbilia miguuni: kucha tatu zinakuwa vijiti vitatu, na ndege hasimami juu ya tawi, anaelea.

Wapo wanaolalamika kwamba picha zinafanana, kwamba twiga wawili walewale wako kwenye vibanda kumi. Ni kweli, na si siri. Uchoraji huu ulikua kama karakana ya mafundi: mwanafunzi hujifunza kwa kurudia kazi ya mwalimu, na muundo uliopendwa hurudiwa na wengi. Kila nakala huchorwa upya kwa mkono, na ubora unapishana sana, kwa hiyo chagua mkono, usichague mnyama. Jambo la kukwepa ni lingine. Kuna vitambaa vilivyochapwa kwa mashine vikauzwa kama vilivyochorwa. Sogeza kamera ya simu karibu kabisa na kitambaa: uchapaji unaonyesha chembechembe ndogo za rangi zilizopangana kila mahali, hata ndani ya rangi inayoonekana ni moja, rangi ya brashi inaonyesha michirizi ya unywele na kingo zilizoinuka. Na ukikuta barabarani picha yenye sahihi ya E. S. Tingatinga mwenyewe kwa bei ya chakula cha mchana, mshukuru muuzaji uendelee na safari.

Kuna suala la mada pia, na hapa lawama ni yetu wanunuzi. Mchoraji huchora kinachonunuliwa. Watalii wamenunua simba, tembo na Mlima Kilimanjaro kwa miaka mingi, ndiyo maana vibanda vimejaa simba, tembo na Mlima Kilimanjaro. Wachoraji haohao wanajua kuchora soko la samaki, foleni ya zahanati, kituo cha daladala wakati wa mvua, ngoma ya harusi, na wengi huzichora vizuri zaidi kwa sababu ndiyo maisha yao. Agiza. Mpe vipimo vya ukuta wako, mwambie rangi ya ukuta ulivyo, kisha mwachie mpangilio. Mambo machache tu uyasisitize: kitambaa kiwe cha pamba kizito, si cha nailoni, kipakwe rangi nyeupe ya maji, ile ya ukutani, mikono miwili kabla ya rangi ya mafuta, na pembeni pote ziachwe sentimita 5 zisizo na picha kwa ajili ya kuwambia, yaani kukivuta na kukibana kwenye fremu. Rangi ya maji chini ni kinga, kwa kuwa rangi ya mafuta ikiingia moja kwa moja kwenye nyuzi za pamba huzikausha na kuzifanya zikatike baada ya miaka. Mpangilio huo usigeuzwe. Rangi ya mafuta juu ya rangi ya maji inashika. Rangi ya maji juu ya ya mafuta itabanduka kama ganda.

Sasa ukaukaji, kwa sababu ndipo picha nyingi zinapoharibikia. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo. Tina inapaa mapema, lakini kilichobaki kinakomaa polepole kwa kuvuta oksijeni ya hewani, kuanzia juu kwenda chini. Kwa hiyo picha inaweza kuwa kavu kwa kidole kesho yake na bado ikawa laini ndani, hasa palipopakwa kwa unene na hasa wakati wa masika. Ukiikunja katika hali hiyo, itanata. Kabla ya kulipa, inuse: harufu kali ya tina maana yake bado ni mbichi. Bonyeza kidogo kwa kidole gumba mahali penye rangi nene karibu na ukingo. Alama ikibaki, mwachie mchoraji, urudi baadaye. Iangalie pia kwa ubavu, mwanga ukitoka upande mmoja: mikunjo midogo kama ngozi ya maziwa ni dalili kwamba rangi ilipakwa nene, juu ikaganda kabla ya chini. Hiyo haitibiki. Kwa kawaida mimi hushauri wiki moja kabla picha haijagusana na kitu chochote, na mwezi mzima kabla ya kuikunja.

Ikiwa lazima isafiri ikiwa imekunjwa, upande wenye rangi uwe nje. Watu wengi hufanya kinyume wakidhani wanaukinga, lakini rangi ikiwa ndani hubanwa, hujikunja na kupasuka mistari. Tumia bomba la plastiki au la karatasi ngumu lenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, uizungushe juu yake bila kukaza, na utangulize karatasi laini isiyonata, mfano ile ya kuokea keki. Usitumie gazeti, Mhariri, samahani: wino wake unahamia kwenye rangi, na rangi ikipata joto kwenye buti la gari inaling'ang'ania gazeti hadi ulisome kinyume. Usifunge kwa mpira wala kamba nyembamba, vinaacha mfereji. Ikifika, ikunjue siku hiyohiyo uilaze juu ya meza.

Kuwamba ndiyo kazi ya fundi fremu, ila mwenye picha ajue anachokilipia. Fremu ya ndani ni miti minne ya inchi 2 kwa 1. Msonobari wa Sao Hill, kule Mufindi, unafaa kabisa, mradi umekauka. Mbao mbichi hujipinda baada ya wiki chache na kona moja ya picha inaacha ukuta, na hapo hakuna cha kufanya ila kubadili mti. Kona zikatwe nyuzi 45, zigundishwe na kupigwa msumari mwembamba. Ukingo wa ndani wa kila mti, upande wa kitambaa, upigwe randa kwa mlalo ili kitambaa kiguse ukingo wa nje pekee. Fundi akiruka hatua hiyo, baada ya mwaka mmoja utaona mstari ulionyooka kuzunguka picha nzima, sentimita 5 kutoka ukingoni: hiyo ni alama ya mti uliogusa kitambaa kwa nyuma.

Kabla ya kuwamba, pima pembe kwa pembe. Vipimo viwili vya mshazari lazima vilingane. Kwa fremu ya sentimita 60 kwa 80, kila mshazari uwe sentimita 100 kamili. Ukipata 99 na 101, fremu imekaa upande na picha haitanyooka ukutani hata ukitumia pimamaji. Fremu inayozidi mita moja iongezewe mti wa katikati, la sivyo kitambaa kitaivuta ndani na kuitia kiuno.

Kitambaa hubanwa kwa stepla kuanzia katikati ya upande mmoja, halafu katikati ya upande unaoukabili, kisha pande mbili zilizobaki, ndipo uende kidogokidogo kuelekea kwenye kona, huku na huku, kila stepla ikiachana na mwenzake kwa sentimita 4 au 5. Anayemaliza upande mmoja mzima kabla ya kugeukia mwingine anavuta kitambaa mshazari, na mikunjo inakusanyika konani. Kikazwe kiasi cha kulia kidogo kikigongwa kwa kidole, si zaidi. Rangi ya mafuta iliyokomaa haitanuki sana, na mahali pa kwanza kupasuka ni kwenye ukingo wa fremu kitambaa kinapokunjwa. Picha ya zamani iwekwe kwanza juani dakika chache ikiwa imefunikwa, ipate joto na kulainika, ndipo iwambwe.

Kioo si lazima. Rangi ya mafuta inajikinga yenyewe, na kioo kitairudishia tu taa na dirisha. Kioo ni cha karatasi: mchoro wa penseli, mchoro wa rangi ya maji ya karatasini, uchapaji. Na hata hapo kioo kisiguse karatasi. Fundi atie kingo za kadibodi zenye unene wa milimita 3 angalau, kwa maana jasho la kioo usiku wa baridi hugandisha karatasi, na ukiibandua unabakiza nusu ya mchoro kwenye kioo. Wanaoweka khanga nzuri ndani ya fremu waishone kwenye kitambaa kingine kwa uzi mwembamba. Gundi huacha madoa ya manjano yasiyotoka.

Tunafika ukutani. Kanuni inayotumika katika majumba ya sanaa ni kuweka kitovu cha picha kwenye sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Kwa ukumbi na korido inafaa. Sebuleni watu hukaa, na katika nyumba nyingi hukaa chini kwenye mkeka au zulia, kwa hiyo ishushe hadi 125 au 130. Kosa la kila siku ni kuitundika karibu na dari, pale kalenda ilipokuwa, ambapo mgeni anaona fremu tu. Juu ya kochi acha sentimita 15 hadi 20, na upana wa picha uwe kama theluthi mbili za kochi. Ukuta mpana wenye picha ndogo moja huonekana mtupu kuliko ulivyokuwa mwanzo. Afadhali kuiweka kwenye ukuta mwembamba kati ya milango miwili, mahali watu wanapopita karibu.

Hesabu ya msumari inawatatiza wengi, na ni rahisi. Chukua urefu wa kitovu unaoutaka, ongeza nusu ya kimo cha picha, toa umbali kati ya waya wa kutundikia, ukiwa umevutwa juu, na ukingo wa juu wa picha. Picha ya kimo cha sentimita 80, kitovu 130, waya ukivutwa unabaki sentimita 8 chini ya ukingo: 130 jumlisha 40 ni 170, toa 8 ni 162. Piga msumari kwenye 162. Pete za waya zifungwe theluthi moja kutoka juu. Zikifungwa katikati picha itainama mbele. Kwenye tofali la saruji msumari wa mbao unapinda na kubomoa plasta, kwa hiyo tumia msumari wa zege, au toboa kwa keekee ya milimita 6, utie kiplastiki na skrubu. Kwa nyumba ya udongo na fito, usiamini plasta hata kidogo. Gonga ukuta usikilize nguzo ilipo, msumari uingie kwenye nguzo.

Ukuta uupime kwanza. Ukuta unaotoa unga mweupe na kububujika rangi chini unapandisha maji kutoka ardhini, na picha itakayowekwa hapo itaota kuvu mgongoni mvua ya kwanza. Hata ukuta mzuri wa pwani huwa na unyevu, kwa hiyo gundisha vipande viwili vya kizibo au mpira vyenye unene wa sentimita moja kwenye kona za chini za fremu, nyuma, hewa ipite. Ni kazi ya dakika tano, na huwa inaokoa picha kuliko vanishi ya bei yoyote. Usiitundike mkabala na dirisha la magharibi; jua la saa kumi alasiri huanza kula baadhi ya rangi nyekundu na njano, na picha inabaki imepauka. Lakini usiifiche gizani pia, maana rangi nyeupe ya mafuta hugeuka manjano ikikosa mwanga. Chumba chenye mwanga wa kawaida wa mchana ndicho chake. Jikoni, moshi na mafuta ya kukaangia vitaipaka tabaka linalonasa vumbi, na ukilisugua litoke, litatoka na vitone.

Kusafisha ni kwa brashi laini kavu au kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi, toka juu kwenda chini, mara moja kwa mwezi. Basi. Maji ya sabuni yanaingia kwenye nyufa ndogo zisizoonekana, yanafika kwenye ile rangi ya maji ya chini, na hiyo ikilowa inaachia kila kilicho juu yake. Mafuta ya taa hulainisha rangi. Mafuta ya kula, ambayo wengine hupaka ili ing'ae kwa ajili ya wageni wa Idi au Krismasi, hunata vumbi la mwaka mzima. Kwenye doa la inzi tumia ncha ya pamba iliyolowanishwa mate kidogo. Si jambo la kupendeza kuandika gazetini, lakini mate yanafanya kazi na hayachubui. Picha za zamani zilizoanza kubanduka zisikwanguliwe wala kupigwa msasa nyumbani, hasa penye watoto, kwa sababu rangi nyingi za mafuta za miaka ya nyuma zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Na ukiona unga laini chini ya fremu, hao ni bungua ndani ya mti. Toa kitambaa, choma fremu, wamba upya.

Nyuma ya picha, juu ya mti wa fremu, andika kwa penseli jina la mchoraji, mwaka, mahali na aina ya rangi. Usiandike kwenye kitambaa kwa kalamu ya wino, kwa sababu itatokeza mbele. Picha isiyo na maandishi hayo, baada ya mwenye nyumba kuondoka, inageuka "ile picha ya twiga", na warithi hawajui waiuze, waitunze au waitumie kuzibia dirisha.

Na hapa, Mhariri, nina ombi kwako pia. Kila mara magazeti yetu huchapisha fotografia za viongozi wakikabidhiana mchoro kama zawadi. Maelezo chini ya fotografia hutaja aliyetoa, aliyepokea, cheo cha kila mmoja na ukumbi wa hafla. Mchoraji hatajwi. Mwandishi wako angegeuza tu ile picha, au angemuuliza aliyeinunua. Jina moja, ukubwa kwa sentimita, aina ya rangi: ni mstari mmoja wa gazeti.

Fundi fremu,
Kinondoni, Dar es Salaam